Neno Moja Lililobaki

Leo tutazungumzia kitu ambacho unacho, unakitumia sasa hivi kunisikiliza, na hujawahi kukiona hata siku moja. Tutazungumzia ubongo: umekaaje humo kichwani, unafanya kazi gani, na binadamu walikujaje kuujua. Lakini kabla ya hayo niruhusu nikupeleke Pangani, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Nilikuwa na miaka 11. Asubuhi moja bibi alikuwa jikoni anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi kama kawaida yake. Mara nikasikia kizio cha nazi kimeanguka, kikabiringika mpaka mlangoni. Kuingia, namkuta ameegemea ukuta, mkono wa kulia umelegea kama si wake, mdomo umekwenda upande. Akanitazama. Alinitambua, hilo sina shaka nalo mpaka leo. Alitaka kusema, maneno yakakataa kutoka.

Kilikuwa kiharusi. Alipata nafuu, akaishi nasi miaka mingine 6. Lakini bibi yangu, aliyekuwa na vitendawili, mafumbo na jina la utani kwa kila mjukuu, katika maneno yote hayo alibakiwa na moja tu. Neno lenyewe ni "bado". Bibi, umekula? Bado. Na sahani iko mbele yake, tupu. Bibi, unaumwa? Bado. Bibi, huyu ni nani? Bado, bado. Sauti ilipanda na kushuka kama ya mtu anayesimulia kisa kirefu, macho yanaeleza, mkono wa kushoto unaeleza, na mdomo unatoa neno lilelile.

Majirani wakasema akili zimemruka. Wengine wakasema amekumbwa. Polepole watu wakazoea kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Walijadili shamba lake la minazi, nani atalichukua, naye amekaa palepale barazani, anasikia kila kitu.

Kisha likatokea jambo lililotuchanganya wote. Tulikuwa na khitima ya babu. Watu wamekaa mkekani, ikasomwa Al-Fatiha kwa pamoja, na bibi akaisoma. Akaisoma mwanzo mpaka mwisho, herufi kwa herufi, hakukwama popote. Shangazi mmoja akaruka: kumbe anaweza! Kumbe anatufanyia makusudi! Tukamzunguka. Bibi, sema kingine. Bibi, sema jina langu. Akatutazama mmoja mmoja. "Bado," akasema, na machozi yakamtoka.

Inawezekanaje, msikilizaji? Mtu asome sura nzima ya Kurani, kisha ashindwe kusema "maji"? Nimetembea na swali hilo miaka mingi. Jioni ya leo nataka tulijibu pamoja, na ili tulijibu hatuna budi kuingia ndani ya kichwa.

Basi tuanze. Kama mikono yako haina kazi, kunja ngumi mbili, uzikutanishe mbele ya kifua chako. Hapo una makisio mazuri ya ukubwa wa ubongo wako. Uzito wake ni kilo moja na robo na ushei. Si kitu kikubwa. Lakini katika nguvu yote ambayo mwili unapata kwenye chakula, sehemu moja kati ya tano inaliwa na hicho kipande kidogo, mchana na usiku, hata ukiwa umelala fofofo.

Umewahi kukaa karibu na mtu anayepasua kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu? Mimi kila Idi nilichuchumaa kando ya mjomba wangu. Mfupa ukishafunguka, ubongo hauonekani mara moja. Unakutana kwanza na utando mgumu, mweupe, unaochanika kwa taabu. Chini yake kuna utando mwingine, mwembamba mno, wenye mishipa midogo ya damu kama nyuzi nyekundu, nao umeng'ang'ania kila kunjo. Ndipo unaufikia ubongo wenyewe, rangi yake kijivu iliyochanganyika na uwaridi, laini kama siagi iliyoachwa nje. Ukiushika kwa pupa unabaki na alama za vidole. Kwa nyuma, karibu na shingo, kuna donge dogo lenye mistari myembamba iliyobanana kama kurasa za kitabu. Na kwa chini kuna shina linaloshuka kuingia kwenye uti wa mgongo.

Wa kwako na wa kwangu umejengwa hivyohivyo, ila ni mkubwa zaidi na makunyanzi yake ni mengi zaidi. Kwa nini makunyanzi? Fikiria doti za kanga unazotaka ziingie sandukuni: unazikunja. Ganda la juu la ubongo, ambalo ndilo linalofikiri, ukilitandaza linakaribia upana wa ukurasa mmoja wa gazeti kubwa. Haliwezi kuenea ndani ya fuvu bila kukunjwa.

Kwa hiyo tuna ubongo mkubwa, huo wenye makunyanzi. Tuna ubongo mdogo, lile donge la kisogoni. Na tuna shina la ubongo. Narudia kwa aliyejiunga nasi sasa hivi: ubongo mkubwa, ubongo mdogo, na shina.

Shina ndilo linalokufanya upumue bila kukumbuka kupumua. Ubongo mdogo ndio unaompa mama uwezo wa kutembea na ndoo ya maji kichwani, mikono imening'inia, na anapiga soga na mwenzake njia nzima. Mlevi anapoyumba, ujue pombe imefika huko.

Ubongo mkubwa nao una mitaa yake. Weka kiganja kwenye paji la uso: hapo ndipo unapopanga ya kesho, na ndipo unapojizuia kumjibu mtu vibaya. Sasa pitisha kidole kutoka sikio moja kupita utosini mpaka sikio la pili: chini ya mstari huo ndiko zinakotoka amri za kuinua mkono, kukunja goti, kutabasamu. Gusa kisogo: hapo ndipo unapoonea. Ndiyo, macho yako mbele lakini kuona kunafanyika nyuma, na ndiyo sababu mtu akiangukia kisogo anasema ameona nyota. Mwisho, gusa panja lako la kushoto, kati ya jicho na sikio. Paguse vizuri. Hapo tutarudi.

Na jambo moja zaidi la ajabu: amri hizo zinavuka. Nusu ya kushoto ya ubongo inatawala mkono wa kulia, na ya kulia inatawala mkono wa kushoto. Mkono wa bibi uliolegea ulikuwa wa kulia. Usilisahau hilo.

Sasa tugeuke. Haya yote watu waliyajuaje? Maana si dhahiri hata kidogo kwamba tunafikiri kwa kichwa. Sikiliza Kiswahili chetu wenyewe. Nilisema moyoni. Moyo wangu umeniambia. Moyo umekataa. Fikra zetu tumezipa makao kifuani, na hatuko peke yetu. Wamisri wa kale walipokuwa wanaandaa maiti ya mfalme, waliutoa ubongo kwa kuuvuta kupitia puani, lakini moyo waliutunza kwa heshima, kwa kuwa huko mbele ya safari ni moyo ambao ungepimwa kwenye mizani. Aristotle, mwanafalsafa mkubwa wa Wagiriki, naye aliamini kwamba moyo ndio unaofahamu na ubongo kazi yake ni kupoza damu. Tusimcheke. Ukipata habari ya kutisha, ni nini kinachodunda? Ubongo haudundi kwa hofu. Zaidi ya hayo, ubongo wenyewe ukiguswa hausikii maumivu. Mtu mwenye macho mazuri kama Aristotle alikuwa na kila sababu ya kukosea. Siku hizi nasi tumeanza kuhama: tunaambiana tumia bongo, na Dar es Salaam yote tumeibandika jina la Bongo, kwa kuwa kuishi pale kunataka kichwa.

Lakini hata huko Misri kulikuwa na watu waliokuwa wanaona tofauti, nao ni wale waliokuwa wanatibu majeruhi. Mwaka 1862, mjini Luxor, Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo. Gombo hilo lina umri wa miaka kama 3,600, na maneno yaliyomo yanadhaniwa kuwa ya zamani zaidi. Lilikuja kutafsiriwa lote na kuchapishwa mwaka 1930 na James Henry Breasted. Kumbe ni kitabu cha tabibu wa majeraha! Wagonjwa 48, mmoja baada ya mwingine, na humo ndimo lilimo neno la kwanza la ubongo tunalolijua katika maandishi ya binadamu.

Tabibu huyo anamweleza mtu ambaye fuvu limepasuka, ubongo uko wazi. Anasema makunyanzi yake ni kama yale yanayojitokeza juu ya shaba iliyoyeyushwa. Anasema ukiweka kidole unausikia ukipwita kama utosi wa mtoto mchanga kabla haujafunga. Mama uliye na kichanga mapajani, weka kidole polepole utosini mwake. Ndicho hicho alichokisikia yule tabibu.

Kisha kuna mgonjwa mwingine, na huyu ndiye aliyenikamata. Ameumia kwenye panja, mfupa umetoboka. Ukimwuliza shida yake hakujibu. Machozi mengi yanamtiririka, na anayafuta kwa mgongo wa kiganja kama mtoto, wala hajui kama anayafuta. Tabibu anaandika kwamba huyu hana dawa. Umesikia, msikilizaji? Panja limeumia, maneno yamekwisha, machozi yanatoka. Miaka 3,600.

Naomba ulishike jambo hili, maana ndilo nitakalolirudia jioni yote: karibu kila tunachokijua kuhusu ubongo tumefundishwa na watu walioumia.

Mmoja wa walioelewa hivyo alikuwa Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon, katika nchi tunayoiita leo Uturuki, mwaka 129. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kuwatibu wapiganaji wa uwanjani, watu waliokuwa wanakatana mapanga ili watazamaji wafurahi. Baadaye, huko Roma, alimfunga nguruwe mbele ya hadhara. Nguruwe anapiga kelele. Galen akaufunga kwa uzi mshipa mdogo wa fahamu shingoni, kelele zikakatika palepale, ingawa nguruwe aliendelea kupumua na kuhangaika. Sauti inatoka kooni, lakini amri inashuka kutoka kichwani. Moyo hauna la kusema hapo.

Vitabu vya Galen vilihifadhiwa na kuendelezwa kwa Kiarabu, na humo mna kitu ambacho nakipenda sana. Zile tando mbili tulizoziona kwenye kichwa cha mbuzi, ule mgumu na ule mwororo, matabibu waliokuwa wanaandika kwa Kiarabu, kama Ali ibn al-Abbas al-Majusi wa karne ya 10, walikuwa wanaziita umm, yaani mama. Mama wa ubongo. Wafasiri wa Ulaya wakalichukua neno hilo kama lilivyo, wakalitia kwenye Kilatini, na mpaka leo daktari wa upasuaji popote duniani anapoukata ule utando wa nje anautaja kwa jina la mama mgumu.

Na mama huyo hawakumjua Waarabu na Wazungu tu. Kule Kisii, magharibi mwa Kenya, kulikuwa na mafundi walioitwa ababari, wapasuaji wa vichwa. Mtu akipigwa kichwani na maumivu yakagoma kuondoka, alikwenda kwao. Fundi aliipasua ngozi, kisha akaukwangua mfupa wa fuvu kwa vyombo vya chuma, taratibu, safu baada ya safu, mpaka utando ukaonekana. Hapo alisimama. Ustadi wote ulikuwa kujua pa kusimama. Madaktari wa hospitali walioishuhudia kazi hiyo katika karne ya 20 waliiandika, na wagonjwa wengi walikuwa wamepona na kuendelea na maisha yao. Nikisoma vitabu vya historia ya ubongo vinavyoanzia Ugiriki na kuishia Ulaya, huwakosa wale mafundi wa Kisii, na inaniuma.

Basi twende mbio kidogo. Mwaka 1543 Vesalius, aliyekuwa anafundisha Padua huko Italia, alitoa kitabu kikubwa chenye michoro ya mwili wa binadamu alioupasua kwa mikono yake, akaonyesha mahali ambapo Galen alikosea kwa sababu alipasua wanyama. Mwaka 1664 Mwingereza Thomas Willis alitoa kitabu cha ubongo peke yake, na ile duara ya mishipa ya damu iliyo chini ya ubongo inaitwa kwa jina lake. Willis alituonyesha ubongo kama kiungo cha kuchunguzwa sehemu kwa sehemu. Lakini ulimwengu wa ndani ya sehemu hizo ulikuwa bado giza.

Giza hilo liliondolewa jikoni. Nasema kweli. Mwaka 1873 daktari wa Kiitaliano, Camillo Golgi, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ndogo mji wa Abbiategrasso, aligeuza jiko kuwa maabara yake. Akaloweka vipande vya ubongo katika dawa yenye fedha, na katika kila kipande seli chache zikageuka nyeusi tititi, pamoja na matawi na mizizi yake yote, huku nyingine zikibaki hazionekani. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuitazama seli moja ya ubongo kuanzia juu hadi chini.

Golgi alipotazama aliona wavu mmoja ulioungana. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetumia dawa ileile miaka kadhaa baadaye, akaona kingine. Wewe wa Pangani, wa Rufiji, wa Lamu, nitakueleza kwa mikoko. Maji yakiwa yametoka, ukiitazama mizizi ya mikoko utadhani ni mti mmoja usio na mwisho, kila kitu kimeshikana. Ingia sasa ndani ya matope ufuatilie mzizi mmoja mmoja kwa mkono: utakuta kila mti umesimama peke yake, mizizi inakaribiana mno lakini haikuungana. Cajal aliingia matopeni. Akachora seli kwa mkono wake, mamia kwa mamia ya michoro, akasema: kila seli iko peke yake, na zinapelekeana habari kwa kukaribiana. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi alitumia hotuba yake kumpinga mwenzake. Aliyekuwa na haki ni Cajal. Seli hizo, kwa hesabu iliyofanywa Brazili na mtafiti Suzana Herculano-Houzel mwaka 2009, ni kama bilioni 86 katika kichwa kimoja. Alizihesabuje? Aliuyeyusha ubongo ukawa supu, akaikoroga vizuri, akahesabu katika tone.

Nivute pumzi kidogo hapa, maana kuna ugonjwa mmoja ambao siwezi kuupita. Kifafa. Miaka kama 2,400 iliyopita, mwandishi wa shule ya Hippocrates alisema wazi kwamba ugonjwa huo, ambao watu waliuita mtakatifu, hauna utakatifu zaidi ya magonjwa mengine: chanzo chake ni ubongo. Miaka 2,400! Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipofungua kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, alikuta wagonjwa wanakula peke yao na kulala peke yao. Watu waliogopa mate yao. Mtoto akianguka motoni wakati wa degedege, wapo waliosita kumvuta, na kliniki ilipokea makovu ya moto mengi kuliko inavyostahili mahali popote. Akawapa vidonge, na wengi wakakaa miezi bila kuanguka. Nisikilize, ndugu yangu: kifafa hakiambukizi kwa mate. Akianguka, mweke mbali na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Ni seli za ubongo zimerusha cheche zote kwa mpigo. Ni hilo tu.

Na ni kifafa kilichompeleka Henry Molaison, kijana Mmarekani wa miaka 27, kwenye chumba cha upasuaji mwaka 1953 mjini Hartford. Daktari alimtoa pande zote mbili kipande cha ndani kinachoitwa hipokampasi, jina la Kigiriki la farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake. Kifafa kikapungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimjia miaka na miaka, na kila alipokuja Henry alimsalimu kama mgeni. Milner alimfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu, jaribu nyumbani uone. Kila siku Henry alikuwa hodari zaidi, na kila siku aliapa hajawahi kuifanya. Mkono ulikuwa unakumbuka, mwenyewe hakumbuki. Hivyo tukajua kwamba kumbukumbu zina nyumba zaidi ya moja. Alifariki mwaka 2008, na mpaka siku hiyo dunia ilimjua kwa herufi mbili tu za jina lake.

Sasa, msikilizaji, yupo mtu ambaye nimemruka makusudi. Turudi nyuma, Aprili 1861, hospitali ya Bicêtre, nje kidogo ya Paris. Kulikuwa na mgonjwa aitwaye Leborgne, mwenye miaka 51, zamani fundi wa kalibu za viatu. Alipoteza usemi akiwa na miaka kama 30. Alibakiwa na kitu kimoja cha kusema, nacho ni "tan". Ukimwuliza chochote: tan, tan. Wenzake wodini wakamwita hivyo, Tan. Mkono wake wa kulia ulipooza, baadaye na mguu. Aliletwa kwa daktari Paul Broca kwa sababu mguu umeoza.

Broca alifanya jambo ambalo sisi wa Pangani hatukulifanya. Alimwuliza maswali ambayo hayahitaji maneno. Umekaa hapa miaka mingapi? Leborgne akafungua kiganja mara nne, vidole vyote vitano, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21. Ilikuwa kweli. Akili ilikuwa nzima, imekaa ndani, inahesabu siku zake.

Leborgne alifariki siku chache baadaye. Broca alipofungua fuvu, alikuta upande wa kushoto, mbele, karibu na pale ulipogusa kwenye panja, shimo linaloweza kuingiza yai la kuku. Hakuukata ubongo ule. Aliuhifadhi mzima, na kwa sababu hiyo, zaidi ya miaka 140 baadaye, watafiti waliweza kuupitisha kwenye mashine ya MRI na kuona kwamba uharibifu ulikwenda ndani zaidi ya alivyodhani Broca. Lakini aliyoyasema kuhusu upande wa kushoto yamesimama: kwa wengi wetu, maneno yanatengenezwa huko.

Basi gusa tena panja lako la kushoto. Mshipa wa damu unaolisha mahali hapo ndio unaolisha pia sehemu inayoinua mkono wa kulia. Ukiziba, vyote viwili vinakwenda pamoja. Mkono wa kulia wa bibi, na maneno ya bibi, asubuhi moja, kizio kimoja cha nazi. Na ile Al-Fatiha? Aliisoma tangu utotoni, mara nyingi kila siku, miaka zaidi ya 60. Kitu kilichosomwa namna hiyo, au kuimbwa namna hiyo, hakitungwi upya neno kwa neno. Kinapita njia nyingine ya ubongo, njia ambayo kiharusi hakikuifikia. Kuna wagonjwa wasioweza kusema "maji" wanaoimba nyimbo za kanisani beti zote. Bibi hakutufanyia makusudi. Akili hazikumruka. Alikuwemo.

Ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno yanamkwama, usingoje asubuhi wala usitafute aliyemroga. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, maana kila dakika inayopita seli zinakufa.

Nilikuwa na miaka 17 bibi alipofariki. Nimekaa mara nyingi nikijaribu kukumbuka mkono wake wa kushoto, na kuna jioni moja naikumbuka vizuri. Wajomba wanabishana barazani ni minazi mingapi iliyobaki kule shambani. Bibi amekaa pembeni, kiganja chake anakifungua na kukifunga juu ya goti, anakifungua na kukifunga. Bado, anasema. Bado. Mimi nilidhani anafukuza nzi.